Uvimbe wa aota: Ni upasuaji upi utakaofanyiwa ukausahau?

Mwaka jana mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mwenye umri wa miaka 67, aliletwa katika kliniki yangu na bintiye. Shida yake ilikuwa mkojo. Alikuwa akiamka usiku mara nne au tano, na mkojo wenyewe ukitoka kidogo kidogo. Nilimwandikia barua akapigwe picha ya ultrasaundi ya tezi kibofu na figo. Alasiri hiyo hiyo alirudi na bahasha mkononi. Tezi ilikuwa imefura kidogo, jambo la kawaida kwa mwanamume wa umri wake. Lakini mpiga picha alikuwa ameongeza mstari mmoja mwishoni mwa ripoti ambao sikuutarajia: mshipa mkuu wa damu tumboni, yaani aota, ulikuwa umetanuka hadi kufikia upana wa sentimita 5.8.

"Lakini mimi sisikii maumivu yoyote, daktari," aliniambia. Nilimwamini. Wengi wenye ugonjwa huu hawasikii lolote.

Haikupita wiki moja kabla ya jamaa kugawanyika. Mwanawe, muuguzi huko Marekani, alinipigia simu usiku wa manane akisisitiza kwamba siku hizi hakuna anayepasuliwa tumbo kwa ugonjwa huo, na kwamba baba yake awekewe stenti kupitia kinena, alale hospitalini siku mbili, arudi nyumbani. Binti naye alikuwa ameambiwa kazini kwamba vitu vinavyotiwa mwilini huharibika, na afadhali mtu apasuliwe mara moja yaishe. Mzee mwenyewe alisikiliza yote hayo kwa utulivu wa mtu aliyesimamia mikutano mingi ya wazazi, kisha akaniuliza: "Mwanangu, kati ya hizo mbili, ni ipi nitakayofanyiwa nikaisahau?"

Katika miaka yangu yote ya udaktari sijasikia swali zuri zaidi kuhusu ugonjwa huu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mshipa mkuu ni upi?

Msomaji, hebu tuanze na mshipa wenyewe. Aota ndiyo mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Hutoka kwenye moyo, ukapanda juu kidogo, ukajipinda kama mpini wa bakora, kisha ukateremka kifuani mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni. Karibu na kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja likienda mguu wa kulia na jingine wa kushoto. Njiani hutoa matawi ya kupeleka damu kichwani, mikononi, kwenye ini, matumbo na figo. Kwa mtu mzima, sehemu iliyo tumboni huwa na upana wa sentimita mbili hivi.

Ukuta wa mshipa huu una nyuzi zinazouwezesha kuvutika na kurudi kila moyo unapodunda. Nyuzi hizo zikidhoofika, ukuta hulegea na kuanza kutuna, kama mpira wa baiskeli unavyotuna pale ulipochakaa. Upana ukifika sentimita tatu, madaktari husema kwamba hapo pana uvimbe wa aota. Sehemu inayopatwa zaidi ni ile iliyo chini ya matawi ya figo.

Adui mkubwa wa ukuta huo ni sigara. Wanaovuta, na waliowahi kuvuta, hupatwa zaidi kuliko wengine kwa mbali sana. Mwalimu wetu alikuwa amevuta kwa miaka 30 kabla ya kuacha. Huongezeka shinikizo la damu, umri wa miaka zaidi ya 60, na ukoo: ikiwa baba au ndugu yako wa toka nitoke alikuwa na uvimbe huu, wewe pia uko hatarini. Wanaume hupatwa mara nne hadi sita zaidi ya wanawake. Hata hivyo, uvimbe wa mwanamke ukishatokea hupasuka ukiwa mdogo kuliko wa mwanamume.

Afrika tuna jambo jingine la kuangalia. Baadhi ya wagonjwa wetu ni vijana ambao hawajafika hata miaka 40, na kwao mara nyingi chanzo si uzee wa mshipa. Ni maambukizi au mwasho wa ukuta wake. Kaswende isiyotibiwa, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vyote vinaweza kuudhuru. Madaktari wa Afrika Kusini wameeleza kwa miaka mingi habari za vijana wenye virusi hivyo wanaopatikana na mishipa iliyotuna. Nitalirudia jambo hili, kwa maana linabadilisha uamuzi kuhusu upasuaji.

Hatari ya uvimbe huu ni kupasuka. Ukiwa chini ya sentimita 5.5, hatari ni ndogo, kama mtu mmoja kwa mia kwa mwaka au hata pungufu. Utafiti uliofanywa Uingereza na Marekani ulionyesha kwamba kuwapasua mapema watu wenye uvimbe mdogo hakuwaongezei maisha. Inatosha kuupima kila baada ya muda. Ukifika sentimita 5.5 kwa mwanamume, au tano hivi kwa mwanamke, mizani hugeuka. Ukipasuka, watu wapatao wanane kwa kumi hufariki, wengi wao kabla ya kufika hospitalini.

Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya wilaya, nililetewa usiku mzee aliyekuwa na maumivu makali ubavuni yaliyoelekea mgongoni. Nilidhani ni mawe ya figo. Nikamdunga dawa ya maumivu, nikaagiza apewe maji kwa mshipa, nikaenda kumwona mgonjwa mwingine. Kabla ya alfajiri alikuwa amefariki. Sikuwa nimeweka mkono wangu tumboni mwake kwa makini. Tangu siku hiyo, mwanamume yeyote wa zaidi ya miaka 60 akinijia na maumivu ya ghafla ya tumbo, ubavu au mgongo, hasa akiwa na jasho na kizunguzungu, aota ndilo jambo la kwanza ninalotafuta.

Kupasuliwa tumbo

Kwa muda mrefu madaktari hawakuwa na tiba ya maana. Mwanasayansi Albert Einstein alikuwa na uvimbe huu. Mwaka 1948, mjini Brooklyn, daktari Rudolph Nissen alimpasua tumbo, na kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mshipa wa kutia badala ya ule mbovu, aliuzungushia karatasi ya plastiki ili utengeneze kovu gumu kwa nje. Einstein aliishi zaidi ya miaka sita baada ya hapo. Aprili 1955 uvimbe ulipasuka, naye akakataa kufanyiwa upasuaji mwingine. Alifariki tarehe 18 mwezi huo huko Princeton, akiwa na miaka 76.

Tiba yenyewe ilikuwa tayari imeanza kupatikana. Mwaka 1951, mjini Paris, Charles Dubost aliukata uvimbe na kutia mahali pake kipande cha aota kilichotolewa kwa maiti. Muda si mrefu Michael DeBakey wa Houston akaanza kutumia mirija ya kitambaa cha Dacron, na mirija yake ya kwanza aliishona yeye mwenyewe kwa cherehani ya mkewe. Kitambaa cha namna hiyo kinatumika hadi leo.

Upasuaji huu wa kale, ambao ningali nauheshimu sana, hufanywa hivi. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Tumbo hufunguliwa kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Matumbo husogezwa kando mpaka aota ionekane. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kisha daktari huubana mshipa kwa kibanio juu ya uvimbe na chini yake. Kwa muda huo miguu haipati damu ya kawaida, na moyo unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Daktari huupasua uvimbe, hutoa damu iliyoganda ndani yake, na kushona mrija wa kitambaa juu na chini kwa uzi usiooza. Kisha hufunika mrija huo kwa ngozi ya ule uvimbe wa zamani, akafungua kibanio polepole, na kulifunga tumbo.

Kazi hii huchukua saa tatu au nne ikienda vizuri. Mgonjwa hulala siku moja au mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi, na kwa jumla wiki moja au zaidi hospitalini. Kurudia nguvu zake za kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Yanayoogopwa ni mshtuko wa moyo, figo kushindwa, nimonia, na matumbo kukosa damu. Baadaye kovu linaweza kulegea na kuleta henia, na wanaume wengine hupungukiwa na nguvu za kiume. Jambo hili la mwisho wagonjwa wengi huona haya kuliuliza, na madaktari wengi huona haya kulisema. Liulize.

Lakini mrija ukishashonwa na ukashika, umeshika. Mara nyingi mgonjwa hahitaji zaidi ya kuangaliwa kila baada ya miaka kadhaa.

Kupitia kinenani

Njia ya pili ni changa. Mwaka 1987, katika mji wa Kharkiv huko Ukraine, Nikolai Volodos alitia stenti yenye kitambaa katika aota ya kifuani bila kukipasua kifua. Habari zake hazikuenea sana wakati huo kwa kuwa Muungano wa Sovieti ulikuwa umejifungia. Septemba 1990, mjini Buenos Aires, Juan Parodi aliufanyia uvimbe wa tumboni kazi kama hiyo. Wazo hilo alikuwa nalo tangu 1976, alipokuwa mwanafunzi wa upasuaji huko Marekani.

Stenti hii isikuchanganye na ile ndogo ya mishipa ya moyo. Hii ni mrija wa kitambaa wenye mifupa ya waya, na umbo lake ni kama la suruali: kiuno juu, miguu miwili chini. Waya wake aghalabu ni mchanganyiko wa madini ya nikeli na titani, ambao unaweza kukunjwa ukawa mwembamba, kisha ukarudia umbo lake wenyewe ukipata joto la mwili.

Daktari hutoboa au hukata kidogo kwenye vinena vyote viwili, hupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa paja hadi juu ya uvimbe, akitazama kila hatua kwenye skrini ya eksirei. Stenti iliyokunjwa ndani ya ala yake hupitishwa juu ya waya huo. Inapofika chini kidogo ya matawi ya figo, ala huvutwa nyuma, na stenti hufunguka na kujikaza kwenye ukuta wa mshipa. Mguu wa pili wa suruali hupitishwa kutoka kinena cha pili na kuunganishwa ndani kwa ndani. Sasa damu inapita ndani ya kitambaa, na uvimbe umebaki nje ya njia yake.

Tumbo halikufunguliwa. Aota haikubanwa. Wengine hufanyiwa wakiwa macho, kwa dawa ya ganzi tu. Siku ya pili au ya tatu mgonjwa anarudi nyumbani, na wiki mbili baadaye unamwona sokoni. Unaweza kuelewa ni kwa nini mwana wa mwalimu aliniita usiku ule kwa sauti ya juu.

Tatizo ni kwamba uvimbe bado upo, na stenti haikushonwa, imejikaza tu. Damu inaweza kupenya pembeni mwake juu au chini, pale ilipojikaza. Inaweza kupenya pale vipande vya suruali vilipounganishwa. Tena mishipa midogo ya mgongoni inayoingia kwenye uvimbe inaweza kurudisha damu ndani yake kwa mlango wa nyuma. Mivujo hii haina maumivu. Mingine haina madhara na hujiziba. Mingine huujaza uvimbe kwa nguvu ile ile ya zamani, ukaendelea kukua hadi ukapasuka, na mgonjwa akifa ndugu zake hushangaa kwa sababu "alikwisha kutibiwa".

Ndiyo maana aliyetiwa stenti hupigwa skani ya CT baada ya mwezi mmoja hivi, kisha skani au ultrasaundi kila mwaka, kwa maisha yake yote. Sizungumzii mwaka mmoja wala miwili.

Hesabu inasema nini

Hapa hatuna haja ya kubahatisha. Uingereza ilianza mwaka 1999 utafiti uliowagawanya wagonjwa kwa kura, wote wakiwa na nguvu za kutosha kufanyiwa lolote kati ya haya mawili. Matokeo ya kwanza, ya wagonjwa 1,082, yalitolewa 2004. Katika siku 30 za mwanzo walifariki asilimia 1.7 ya waliopangiwa stenti, na asilimia 4.7 ya waliopangiwa kupasuliwa tumbo. Uholanzi ilipata asilimia 1.2 dhidi ya 4.6. Huo ni ushindi mkubwa kwa stenti, na magazeti yalishangilia.

Kisha wakawafuata wagonjwa hao mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwaka wa nne, asilimia 20 ya waliotiwa stenti walikuwa wamerudishwa kwa marekebisho, dhidi ya asilimia sita ya waliopasuliwa. Idadi ya waliofariki kwa sababu zote ilikuwa karibu sawa. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya miaka 15. Ule ushindi wa mwanzo ulikuwa umetoweka, na baada ya mwaka wa nane waliokuwa na stenti walikuwa wakifa zaidi kwa sababu ya uvimbe wenyewe, hasa kwa kupasuka kwa uvimbe uliodhaniwa kuwa umekwisha.

Kwa haki, nikuambie kwamba stenti za miaka ile zimeboreshwa tangu hapo. Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliamua mwaka 2020 kwamba mwenye nguvu za kuhimili apewe upasuaji wa kufungua tumbo kwanza. Chama cha madaktari wa mishipa wa Ulaya kilikuwa kimesema mwaka 2019 kwamba stenti ndiyo ya kwanza kwa wengi ambao mishipa yao inafaa, isipokuwa wale wanaotarajiwa kuishi miaka mingi. Ukisoma kwa makini utaona kwamba wanakaribiana kuliko wanavyoonekana. Wote wanauliza mgonjwa ana miaka mingapi mbele yake.

Nina mgonjwa mwingine, dereva wa zamani wa malori ya masafa marefu, ambaye jamaa zake walichanga pesa wakampeleka India mwaka 2014 akatiwa stenti. Kazi ilifanywa vizuri. Alirudi na karatasi ya kuruhusiwa na sahani ya picha zake. Karatasi iliandikwa wazi kwamba apigwe skani kila mwaka. Mwaka wa kwanza alipigwa. Wa pili pesa zilikuwa za karo. Wa tatu alihama nyumba na sahani ikapotea, na kwa vile alijisikia mzima kabisa, hakuona maana ya kuitafuta. Alinijia mwaka 2019 na maumivu ya mgongo aliyodhani yanatokana na kukaa garini miaka mingi. Uvimbe ulikuwa umekua kwa zaidi ya sentimita moja, mguu mmoja wa stenti ukiwa umeteleza. Tulibahatika. Aliongezewa kipande, na leo yu hai. Lakini harambee ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana wachangaji walikuwa wakiuliza: si alikwisha kutibiwa?

Siwezi kumlaumu sana. Hakuna aliyeihesabu bei ya skani kumi pamoja na bei ya stenti. Stenti yenyewe huagizwa kutoka ng'ambo na kuuzwa kwa maelfu ya dola. Jamaa wakishaipata hiyo hujiona wamevuka mto.

Nani anafaa nini

Kwanza, si kila aota inakubali stenti. Lazima pawe na shingo ya mshipa mzima, kama sentimita moja au moja na nusu, kati ya matawi ya figo na mwanzo wa uvimbe, ili stenti ipate pa kujikaza. Shingo hiyo isiwe imepindika mno, na mishipa ya nyonga iwe mipana ya kutosha kupitisha ala. Zipo stenti maalumu zenye madirisha ya kupeleka damu kwenye figo, lakini hizo ni ghali zaidi na si kila mahali zinapatikana. Ukiambiwa mishipa yako haifai, usidhani unanyimwa. Kulazimisha ndiko kunakoleta mivujo.

Pili, mwenye moyo dhaifu, mapafu yaliyoharibika au tumbo lililokwisha kufunguliwa mara kadhaa, kwake stenti ni neema. Mama wa miaka 80 anayehema akipanda ngazi asipasuliwe tumbo ikiwa stenti inawezekana. Lakini hata hapa kuna mpaka. Utafiti mwingine wa Uingereza ulichukua wagonjwa waliokuwa dhaifu mno kupasuliwa, ukawatia baadhi yao stenti na kuwaacha wengine. Uvimbe uliwaua wachache zaidi kati ya waliotiwa, lakini kwa jumla hawakuishi zaidi, maana magonjwa yao mengine yaliwachukua. Wakati mwingine uamuzi wa busara ni kudhibiti shinikizo la damu na kuuacha uvimbe kama ulivyo.

Tatu, ikiwa chanzo ni maambukizi, kama nilivyotaja kuhusu vijana wetu, kutia kitambaa kigeni katikati ya usaha si jambo la kufanywa kwa haraka. Huko viuavijasumu huanza, na mara nyingi sehemu iliyooza yenyewe lazima iondolewe. Stenti inaweza kutumika kumwokoa mgonjwa anayevuja damu, huku mpango mwingine ukitayarishwa. Na kijana aliye na virusi vya Ukimwi anayetumia dawa zake vizuri asikatazwe tiba kwa sababu ya virusi hivyo.

Uvimbe ukishapasuka, njia zote mbili zinaokoa, na utafiti wa Uingereza haukuona tofauti kubwa katika siku 30 za kwanza. Kinachookoa zaidi ni kufika mahali palipo na daktari wa mishipa, damu ya kuongezwa na chumba kilicho tayari. Kenya madaktari hao ni wachache na wengi wako mijini. Kwa hiyo muda wa kuamua ni sasa, ukiwa mzima, si ukiwa ndani ya ambulensi.

Kuna ugonjwa mwingine wa aota unaochanganywa na huu, nao ni kuchanika kwa ukuta wake wa ndani, ambapo damu huingia kati ya tabaka na kuzitenganisha. Dalili yake ni maumivu ya ghafla ya kifua au mgongo, makali kupita kiasi, kama mtu anayeraruliwa. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo chanzo kikuu, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo hilo, wengi wao bila kutumia dawa. Mchaniko ukiwa karibu na moyo, kifua hufunguliwa upesi. Stenti ya kawaida haitoshi hapo. Ukiwa mbele zaidi, dawa za kushusha shinikizo ndizo za kwanza, na stenti hutumika kiungo kikikosa damu au mshipa ukitishia kupasuka. Yule yule DeBakey wa cherehani alipatwa na mchaniko huu Desemba 2005, akiwa na miaka 97. Alifunguliwa kifua Februari 2006 kwa upasuaji aliousaidia kuuvumbua, akaishi hadi Julai 2008.

Unaporudi nyumbani na gazeti hili

Ikiwa wewe ni mwanamume uliyefika miaka 65 na umewahi kuvuta sigara, au mzazi au ndugu yako alikuwa na uvimbe huu, mwombe daktari wako ultrasaundi moja ya tumbo. Uingereza huwaita wanaume wote wafikapo umri huo. Hapa kwetu hakuna mpango kama huo, kwa hiyo lazima ujiite mwenyewe. Picha hii haiumi, haina sindano, na ni ya bei nafuu.

Ukikutwa na uvimbe mdogo, acha sigara leo, tumia dawa za shinikizo, na uulize kuhusu dawa ya kushusha kolesteroli. Usinunue siprofloksasini dukani kwa kila mkojo unaowasha. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza kuongeza hatari ya kupasuka kwa aota kwa wenye uvimbe, na hapa mjini huuzwa kama peremende.

Ukiambiwa umefikia kiwango cha upasuaji, uliza daktari atakayekushughulikia amefanya wangapi kwa kila njia. Uliza ni wapi utapigwa skani za kila mwaka, nani atakayezisoma, na zitagharimu kiasi gani. Iulize bima yako, na ujibiwe kwa maandishi, kama italipia kifaa chenyewe, skani hizo, na marekebisho yakihitajika. Ikiwa figo zako si nzuri, taja jambo hilo, kwa kuwa dawa ya rangi inayodungwa wakati wa skani huzichosha.

Mwalimu wetu alipimwa moyo na mapafu, vyote vikawa vizuri kuliko vyangu. Mishipa yake ilifaa kwa stenti pia, na daktari wa mishipa alimweleza njia zote mbili bila kumsukuma. Alitaka kujua ni saa ngapi kutoka kwake kijijini hadi mahali pa skani. Ni saa tisa kwa basi. Alichagua kupasuliwa. Alilala hospitalini siku 11, mbili zaidi ya tulivyotarajia kwa sababu matumbo yalichelewa kuanza kazi, na mwezi wa kwanza alilalamika sana. Mwanawe alikuja kutoka Marekani akakaa naye wiki tatu.

Juzi alinipigia simu. Hakuniuliza lolote kuhusu aota. Alitaka kujua tutafanya nini kuhusu ule mkojo.